TABORA: KATIKA NJIA YA WAPAGAZI, NIKIIULIZIA BARUTI YA ISIKE

Kila siku ya kazi katika miji yetu watu hutamka maneno wasiyojiuliza yametoka wapi. Kibarua aliyekatwa mshahara humlaumu nyapara. Mfanyakazi anayetumwa mkoani huulizia posho yake kabla hajaulizia tiketi. Gazeti likiandika habari za Rais, huandika habari za Ikulu. Ndugu msomaji, maneno hayo yote yamepita katika njia moja, na njia hiyo haikuwa na lami wala reli. Nyapara ni mnyampara wa Kinyamwezi, yaani mzee mwenye madaraka au mkuu wa msafara. Posho ndicho chakula alichopimiwa mpagazi kila siku akiwa safarini. Na Ikulu, kabla ya kuwa jumba la serikali kando ya Bahari ya Hindi, ilikuwa makao ya mtemi kule Unyamwezi.

Nilikwenda Tabora kuulizia habari za ikulu mojawapo ya hizo za zamani, ile iliyoripuka kwa baruti mwezi wa Januari 1893. Nilikuwa pia na sababu yangu ya nyumbani, ambayo nitakueleza mbele ya safari.

MGUNDA MKALI

Kama ungetaka kuifuata njia ya misafara kama ilivyokuwa, ingekubidi uanzie Bagamoyo, upande Usagara, upite Mpwapwa, uingie Ugogo ambako kila mtemi alidai hongo yake ya nguo na shanga, kisha ukabiliane na pori lisilo na maji lililoitwa Mgunda Mkali, ndipo utokee Unyanyembe. Kutoka hapo njia iliendelea mpaka Ujiji penye ziwa Tanganyika. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Stanley mwaka 1871 alitumia kiasi cha miezi mitatu, akajisifu kwamba ametembea upesi.

Mimi nilipanda garimoshi la reli ya zamani. Baada ya Manyoni na Itigi jua lilikuwa linazama, na nje ya dirisha palikuwa na vichaka vilivyoshikamana, maili baada ya maili, bila taa hata moja. Ndiyo sehemu ya Mgunda Mkali hiyo. Abiria mwenzangu, mama mmoja aliyekuwa anarudi Urambo na ndoo mbili tupu za asali aliyokwisha kuiuza, alilala usingizi mzito mpaka Tabora. Nilimtazama nikawafikiria wale waliovuka hapo na mzigo wa ratili sabini begani, nao wanajua kwamba mwenzao akianguka, mzigo wake utagawanywa lakini yeye hatabebwa.

Tunakosea sana, nadhani, tunapozisimulia habari za njia hii kana kwamba wageni ndio walioifungua. Wanyamwezi walikwisha kufika pwani na pembe zao za ndovu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Waarabu hawajajenga nyumba zao Unyanyembe. Jina lenyewe la Wanyamwezi ni jina walilopewa huko pwani: watu watokao magharibi, upande unakoonekana mwezi mwandamo. Upagazi kwao ulikuwa kazi ya kijana aliyetaka kuhesabiwa kuwa mtu mzima. Aliyekwenda pwani akarudi na merikani, ile nguo nyeupe iliyotoka viwanda vya Marekani, na kaniki, na shanga, na waya wa shaba, alikuwa na la kusema mbele ya wakwe. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi na bendera na ngoma. Nyuma walifuata mamia ya watu, na kwa bahati mbaya, ndugu msomaji, katika misafara mingi walifuata pia watu waliofungwa minyororo. Jambo hilo halifai kufichwa hata tunapowasifu wapagazi.

MJI WA MIEMBE

Tabora utaipenda asubuhi. Miembe mikubwa imejipanga barabarani, na kila mwenyeji ana hadithi yake juu ya nani aliyeipanda. Wengi husema ni kokwa zilizotupwa na wasafiri wa misafara. Stesheni ni jengo la Wajerumani; reli iliufikia mji huu mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka hiyo michache tu kazi ya mpagazi wa masafa marefu ikafa. Haikufa kabisa, kwani vita vya 1914 viliwarudisha watu mizigoni kwa nguvu, nalo soko la Kariakoo la Dar es Salaam limebaki na jina la kikosi cha wachukuzi wa Mwingereza. Tabora yenyewe ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo tarehe 19 Septemba 1916.

Sokoni niliuziwa michembe na matobolwa. Kwa msomaji wa pwani asiyejua: michembe ni viazi vitamu vibichi vilivyokatwa na kuanikwa, na matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Wenyeji wengi husema ndilo asili ya jina la mji: msafiri alikuwa akikaribishwa kwa matobolwa, na wageni wakalitamka neno wawezavyo mpaka likawa Tabora. Siwezi kuapa kwamba ndivyo. Lakini chakula kisichooza, chepesi kubebwa, kitamu ukikitafuna njiani, kingefaa sana kuupa jina mji wa wasafiri.

Ukimsimamisha dereva wa bodaboda umwambie unataka kuona mambo ya kale, hatakuuliza mara mbili, atakupeleka Kwihara. Huko, kilometa chache nje ya mji, iko tembe alimokaa Livingstone. Stanley alimwacha hapo tarehe 14 Machi 1872, na yule mzee akangoja wapagazi wapya mpaka Agosti 25 ndipo akaondoka kwenda kufia kusini. Nyumba imetengenezwa upya, ina ua wa ndani na kuta nene zinazoleta ubaridi, na yafaa kwenda na watoto. Mimi nilikaa kizingitini nikifikiri zaidi juu ya Susi na Chuma, ambao mwaka 1873 waliipitisha maiti ya bwana huyo hapa hapa Unyanyembe, wakaifikisha Bagamoyo mwaka 1874. Kubeba maiti kutoka nchi ya Zambia ya leo mpaka baharini, kwa miguu, ni kazi ambayo ingestahili tembe ya peke yake.

Lakini nilipomwuliza kijana wangu wa bodaboda, "Na kwa Isike je?" alikuna kichwa. Jina alilijua. Mahali alipajua kwa kuelekezwa: "Itetemia huko, kwa watemi." Zaidi ya hapo akasema tumwulize mzee.

WATEMI NA NJIA

Kabla sijakufikisha kwa mzee, yakupasa ujue kisa chenyewe, maana Isike hakuota kama uyoga.

Unyanyembe ilikuwa na bahati na balaa ya kukaa njia panda. Kila pembe iliyotoka Karagwe, Buganda au Manyema ilipita hapo, na mtemi aliyeshika njia alishika utajiri. Mtemi Fundikira, aliyekuwako Burton alipofika, alielewana na wafanyabiashara wa Kiarabu. Alipokufa mwaka 1858, mrithi wake Mnywa Sele akataka walipe ushuru wa bidhaa zao. Wakakataa. Wakamwondoa kwa bunduki kiasi cha mwaka 1860, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele akaingia porini akapigana miaka mitano. Speke alikutana naye mwaka 1861 akajaribu kuwapatanisha, ikashindikana, na mwaka 1865 akakamatwa akauawa.

Magharibi yake akatokea mtu wa namna nyingine kabisa: Mtyela Kasanda, ambaye dunia inamjua kwa jina la vita, Mirambo. Yeye hakuomba ushuru; aliziba njia. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walimwendea na jeshi kubwa, Stanley akiwamo, wakapigwa vibaya, na siku chache baadaye ruga-ruga wa Mirambo wakaingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu yake. Mpaka alipokufa Desemba 1884 hakuna aliyepita Unyamwezi bila kumfikiria. Himaya yake haikukaa baada yake. Ilikuwa imesimama juu ya mtu mmoja.

Isike, mwana wa Mkasiwa, alitawala Unyanyembe kuanzia mwaka 1876. Hapa naomba tuwe wakweli. Huyu alikuwa mtawala aliyefaidi njia ile: alitoza pembe, alitoza baruti, aligombana na Waarabu na kupatana nao kadiri faida ilivyotaka. Kama ungekuwa mtu mnyonge katika nchi yake, sijui kama ungemsifu. Lakini alijua jambo moja kwa uhakika, kwamba ushuru wa nchi ni wa mwenye nchi.

Mwaka 1890 akafika Emin Pasha kwa niaba ya Wajerumani, akaafikiana na Waarabu wa Tabora, bendera ya Kijerumani ikapandishwa. Angalia sana, msomaji: mapatano yalifanywa na wageni juu ya nchi ambayo mtemi wake alikuwa anakaa kilometa chache tu kutoka hapo. Isike akajibu kama watangulizi wake walivyojibu, akaibana njia. Mwaka 1892 Wajerumani walilishambulia boma lake zaidi ya mara moja, wakashindwa. Hiyo ilikuwa aibu kubwa kwao, kwani mwaka mmoja tu nyuma, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walikuwa wameliangamiza jeshi la Zelewski pale Lugalo.

Januari 1893 akaja Luteni Tom von Prince, yule ambaye askari walimwita Bwana Sakarani. Safari hii boma likavunjwa. Isike alipoona adui amekwisha kuingia, aliingia katika ghala la baruti pamoja na watu wa nyumba yake, akaiwasha. Hakufa papo hapo. Walimtoa katika kifusi akiwa mahututi, na Wajerumani, ambao wangeweza kumwacha afe baada ya dakika chache, wakamnyonga mtini. Baadaye wakamweka mwanamke wa ukoo huo, Nyaso, awe mtemi, naye akatawala kwa ridhaa yao.

KAISA NA SANAMU ZAKE

Jioni ile katika nyumba ya wageni mtaa wa Kanyenye nilikuwa na kitabu kidogo cha historia ya Ulaya, nilichokichukua ili nipoteze wakati garini. Nikakuta humo jambo lililoninyima usingizi.

Miaka elfu mbili iliyopita Ulaya magharibi ilikuwa nchi ya makabila ya Wakelti, nao walivamiwa na Warumi kama sisi tulivyovamiwa. Katika nchi ambayo leo ni Ufaransa kijana mmoja aitwaye Vercingetorix aliyaunganisha makabila mengi dhidi ya Julius Caesar. Makabila mengine hayakumkubali, mengine yalikwisha kupewa zawadi na Warumi. Alizingirwa katika ngome ya Alesia mwaka 52 kabla ya Kristo, njaa ikamshinda, akajisalimisha. Caesar alimweka kifungoni miaka sita, akamtembeza mitaani Roma katika gwaride la ushindi, kisha akauawa. Uingereza nako, mwaka 60 au 61 baada ya Kristo, Boudica, malkia wa kabila la Iceni, ambaye Warumi walimpiga mijeledi na kuwanajisi binti zake, alinyanyua watu wake wakachoma Colchester, London na Verulamium. Aliposhindwa, yasemekana alikunywa sumu. Habari zake tunazo kwa sababu ziliandikwa na Mrumi, Tacitus, ambaye mkwewe Agricola alikuwa ofisa katika jeshi hilo hilo.

Umeona inavyofanana? Ngome imezingirwa, jirani wamekwisha kununuliwa, kiongozi anachagua kufa kuliko kushikwa, na adui ndiye mwandishi. Mengi ya kisa cha Isike nayo tunayajua kwa kalamu ya waliomwua. Prince mwenyewe alichapisha kumbukumbu za vita vyake mwaka 1914, kabla ya kuuawa katika mapigano ya Tanga mwezi wa Novemba mwaka huo huo.

Lakini silo hilo lililonikosesha usingizi. Ni tarehe za sanamu. Wafaransa walimsimamishia Vercingetorix sanamu kubwa mwaka 1865, nao wakati ule wanaiteka Algeria. Waingereza walimweka Boudica juu ya gari lake la farasi kando ya daraja la Westminster mwaka 1902, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa mikononi mwao. Na Wajerumani? Mwaka 1875 walimaliza mnara mrefu wa Hermann, mtu wao wa kale aliyeangamiza majeshi matatu ya Kirumi mwaka wa 9 baada ya Kristo. Mfalme aliyehudhuria kuuzindua alijiita Kaisa, jina lililotokana na lile lile la Caesar. Miaka kumi na minane baadaye maofisa wa Kaisa mwingine wa ukoo huo, waliokua wakisoma shuleni sifa za Hermann, walimfunga kamba shingoni Isike aliyekwisha kuungua.

Sanamu zote tatu zingali zimesimama. Na Mwalimu Nyerere, aliyesoma sekondari hapa hapa Tabora, ndiye aliyemleta Caesar wa Shakespeare katika Kiswahili mwaka 1963. Tumemjua Caesar wa watu kabla ya kuwajua wetu vizuri.

ITETEMIA

Mzee tuliyempata Itetemia alikuwa chini ya mwembe, anasuka kamba. Nikamwambia, "Mwangaluka, babu," naye akaitikia, akacheka jinsi nilivyolitamka, akaniuliza mimi ni wa wapi. Ndipo nikamtolea ile sababu yangu ya nyumbani.

Babu yake babu yangu alikuwa mpagazi. Kwetu pwani tunahesabiwa kuwa watu wa pwani, lakini sisi ni Wanyamwezi waliobaki huko baada ya safari yao ya mwisho. Habari iliyotufikia ni moja tu, na ni fupi: alibeba baruti. Baba yangu alikuwa akiisema kwa majivuno. Nilipokuwa mtoto niliona ni habari nzuri sana, babu shujaa na pipa la baruti. Sasa nimesoma, najua kwamba miaka ile baruti ilipanda njia hii kwa ajili ya kila mtu. Waarabu walihitaji baruti. Isike alihitaji baruti, na ile aliyoiwasha ghalani ilifika pale kwa mabega ya watu kutoka pwani. Wajerumani walioleta mizinga na risasi nao hawakuibeba wenyewe. Ililetwa na wapagazi, na wengi wa wapagazi wa nchi hii walikuwa Wanyamwezi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kamba ikiendelea kukua mikononi mwake.

"Alibeba ya nani?" aliniuliza.

"Sijui, babu. Ndiyo nimekuja kuuliza."

"Mwaka gani?"

Hata hilo sikulijua. Akatikisa kichwa, si kwa kunidharau, akasema kwamba hata ukoo wake haukuwa upande mmoja. Walikuwako waliokuwa ndani ya boma na Isike, na walikuwako walioondoka usiku wakaenda kwa Nyaso, na wote walirudi kulima mashamba yale yale, wakaozana. Yeye mwenyewe, alisema, ana damu ya wote wawili, na utotoni mwake jambo hilo halikuzungumzwa mbele ya wageni. "Mtu akiuliza, ilisemwa tu: baruti iliwaka."

Nilimwomba anionyeshe mahali penyewe. Akasimama kwa kujivuta, akatembea nami hatua chache mpaka mwisho wa kivuli, akanyosha mkono kuelekea upande wenye miti na mashamba. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu, mahindi yamefika magotini. Mama mmoja alikuwa anapalilia. Nilitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikijaribu kuuona ukuta, nikaona mahindi.

Kama utakwenda na familia, ndugu msomaji, nenda Kwihara asubuhi, hapana ubaya. Lakini usigeuze gari kurudi mjini. Ulizia Itetemia, uwe na subira, na umpate mzee wa kukueleza, kwani mambo mengine hayakuandikwa kwenye kibao, yamo ndani ya watu wenye umri mkubwa. Chukua na maji ya kunywa. Njia ina vumbi wakati wa kiangazi.

Tulipoagana yule mzee alinipa matobolwa katika mfuko wa karatasi, akasema ni ya njiani. Nikamwambia garimoshi siku hizi linafika pwani kesho yake. Akajibu kwamba hata hivyo, niyachukue, na nikifika nyumbani nimwulize tena baba yangu kama katika habari ile ya baruti walitajwa watu wangapi, au kama ulitajwa mto. Nimemwuliza. Baba amesema atajaribu kukumbuka.